Ng'ombe wa Bibi wa Kisongo

Kwenye kambi ya watengeneza michezo ya simu hapa Kisongo kuna sheria moja ngumu: mtu anapojaribu mchezo wenu kwa mara ya kwanza, hamruhusiwi kumwelekeza. Jumamosi mkufunzi alimwita bibi mwenye nyumba tuliyopanga, akampa simu. Bibi akishindwa kumvusha mtoni ng'ombe wa kwenye mchezo wetu, mchezo hauonyeshwi kwenye maonyesho ya kesho yake.

Bibi alivaa miwani. "Wajukuu, napita wapi?"

Tukanyamaza. Mwenzangu alijiziba mdomo kwa kiganja.

"Nawauliza nyie. Mmelelewa wapi, hamjibu mtu mzima?"

Ule mto niliuchora mimi, na aibu ilinichoma. "Shikamoo, bibi," nikasema, maana salamu haikukatazwa.

"Marahaba. Hiyo haivushi ng'ombe."

Kidole chake kikapapasa kioo mpaka kwenye gogo kando ya maji. Akalisukuma, likalala kama daraja. Ng'ombe akavuka.

Tulishangilia mpaka mbwa wa jirani wakabweka. Mkufunzi akanyoosha mkono apokee simu, bibi akaikumbatia kifuani. "Subiri kwanza. Naona mto mwingine huko mbele."

Mimi niliishia kidato cha pili, na shuleni nilizoea kwamba mwalimu akinyamaza, amekasirika. Kumbe mtu anaweza kukunyamazia kwa sababu anaamini utaona mwenyewe.

Jumapili mchezo wetu ulionyeshwa, ukapigiwa makofi. Ila tulitumia simu ya kuazima, kwa sababu bibi alikuwa bado hajamaliza.