Mbwa wangu wa Saio hakuwahi kubweka, siku alipotoa sauti tukajua ni kichaa

Wakuu, salamu kutoka Bunia. Haya yametokea nyumbani kwangu, mtaa wa Saio, na sijatia chumvi. Asiyeamini aje nimwonyeshe mbwa mwenyewe.

Naandika nikiwa nimeshusha pumzi. Wiki mbili zilizopita nisingeweza hata kushika simu, na kutengeneza simu ndiyo kazi yangu.

Kwa muda mrefu nilitamani mbwa wa aina ya spitz. Wale wa masikio wima, mkia umejikunja mgongoni, manyoya mengi kama blanketi. Nilikuwa nawaangalia mtandaoni mpaka mke wangu, Mama Neema, ananicheka.

Sasa nina mteja mmoja, mchimba dhahabu wa upande wa Kilo. Siku moja akaniletea mtoto wa mbwa, mwekundu, masikio wima, mkia umejikunja kama pete, paji la uso lina mikunjo kama mtu mwenye mawazo.

Akaniambia, "Hii iko ndugu ya ile mbwa unaonaka mu simu. Niliipata kwa bawindaji ya mu pori."

Nikamchukua, nikampa jina Bijou. Shingoni alikuwa na kengele ya mti. Mama Neema ni mtu wa maombi, akasema hiyo ni dawa ya waganga, akaitia kwenye moto wa makaa. Sikubisha. Mimi nilikuwa nasubiri manyoya.

Nimesubiri miezi saba, wakuu. Nikimlisha mayai ili yaote. Hayakuota.

Na kubweka hakubweka. Mgeni anaingia, Bijou anamwangalia tu, anaendelea kujilamba kama paka. Jirani yangu, Baba Imani, akawa ananiuliza kama nimefuga mbwa au picha ya mbwa.

Halafu ikaja ile Jumamosi asubuhi.

Binti yangu Neema, miaka saba, alimnyang'anya Bijou mfupa. Bijou akamng'ata mkono, damu ikatoka. Mtoto akapiga kelele, na mbwa naye akainua kichwa akatoa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia. Si kubweka, si kulia. Kama mtu anayeimba huku amekabwa koo.

Baba Imani alifika mbio. "Sauti ya mbwa ikibadirika, iko na kichaa. Tuiue sasa, isiende kung'ata batoto bengine."

Muda mfupi tu uwanja ukajaa watu.

Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu, akawa anaogopa hata maji ya kunywa, hakuna kurudi. Nilimwangalia mwanangu. Nikashika panga. Nimeahidi ukweli, basi huu ndio ukweli: nililishika.

Mama Neema alikuwa ameinamia ule mkono, anauosha kwa sabuni na maji mengi, hana haraka. Akasema bila kuniangalia, "Weka ile panga. Ukiiua, tutajua namna gani kama iko mugonjwa? Funga mbwa, siye tuende hospitali."

Nikaweka panga chini. Bijou tukamfungia kwenye kibanda cha uani, tukakimbia kituo cha afya, Neema akachomwa sindano ya kwanza siku hiyohiyo.

Mchana akaja daktari wa mifugo, dada mmoja kijana. Alimzunguka Bijou, akatazama mkia, masikio, ule uso wa mikunjo. Swali lake la kwanza: "Ilikuya na kengele ya muti?"

Mama Neema akaangalia pembeni.

Daktari akatueleza. "Hii mbwa haibwekake. Bawindaji banaifungaka kengele ili basikie pahali iko mu pori. Ile sauti ni yake, si ya bugonjwa. Lakini sitaapa. Muifunge siku kumi, tuangalie kama inakula, inakunywa. Na masindano ya mutoto yaendelee."

Nje huko anaitwa basenji, na asili yake ni misitu yetu hii ya Kongo. Vyama vya wafugaji humweka kundi moja na spitz na mbwa wengine wa aina za kale, kwa ajili ya yale masikio na mkia. Lakini kundi moja si tumbo moja. Spitz wengi ni wa nchi za baridi, ndiyo maana wana manyoya. Huyu ni wa joto. Jike lake kwa kawaida huwa tayari kupandwa mara moja tu kwa mwaka, sawa na dingo wa Australia. Kwa hiyo mchimbaji hakunidanganya sana, ni ule undugu wa kukutana msibani tu.

Zile siku kumi sitaki hata adui yangu azipitie. Kila asubuhi, kabla sijafungua kibanda, nachungulia bakuli la maji.

Siku ya tano Bijou akakataa chakula. Nilienda nyuma ya nyumba nikalia. Kumbe Neema alikuwa amemrushia mandazi matano kupitia dirisha la kibanda, mbwa ameshiba.

Siku ya kumi daktari akarudi, akampima, akasema yamekwisha. Tulipomfungua, Bijou alienda moja kwa moja jikoni akaiba samaki wa Mama Neema, akamla mbele yetu. Mama Neema akaokota kichwa cha samaki kilichobaki, akampa nacho. Baba Imani alikuwepo, akanishika bega.

Funzo langu ni hili. Mtu aking'atwa, kwanza sabuni na maji, halafu hospitali. Mbwa afungwe, asiuawe, mpaka mtaalamu aseme. Na kabla hujamwita mnyama mbovu, uliza kwao ni wapi.

Wenye mbwa wa namna hii, leteni uzoefu wenu. Wa kunicheka kwa ile habari ya mayai, ruksa pia.

Ningemuua siku ile, leo ningekuwa bado namchunguza mwanangu kila anaposhika kikombe. Jana jioni alikunywa chai vikombe viwili, akaomba cha tatu. Nikammiminia.