Sauti Niliyotaka Kuitengeneza

Mimi ni fundi redio hapa Korogwe, na haya yalinipata mwezi uliopita. Bibi mmoja wa Mashewa aliniletea gramafoni iliyokatika sindano, pamoja na santuri yake moja. Nikafunga kichwa kipya cha sindano. Gitaa likatoka safi, lakini mwimbaji akakwaruza kama amemeza mchanga. Nikadhani sindano haikandamizi vya kutosha, nikasogeza uzito ulio nyuma ya mkono. Bado akakwaruza. Nikaagiza kichwa kingine kinachoendana na ule mkono, nikapima upya. Hakuna kilichobadilika.

Bibi akaja na wanawe wawili wakubwa. Nilimwamkia, akaitikia.

"Mashine imepona, bibi," nikamwambia kwa sauti ya mtaalamu. "Kilichokufa ni santuri. Msikie huyu jamaa anavyokoroma."

Nikashusha sindano. Wanawe wakainamisha vichwa. Bibi alisikiliza wimbo mpaka mwisho, akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Haijafa, mwanangu," akasema taratibu. "Huyo ni marehemu mume wangu. Hata akiniita nyumbani, sauti yake ilikuwa hiyo hiyo."