Balozi wa Hatua ya Kumi

Enzi zetu mtoto hakuanza shule kwa cheti cha kuzaliwa. Alianza kwa sikio. Ulipitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, na vidole vikiligusa sikio la kushoto, basi umekua, karibu darasa la kwanza. Visipoligusa, rudi nyumbani ukale viazi, tuonane mwakani. Ninyi wenzangu mliokulia milima ya Usambara siku za Ujamaa mnalijua sikio ninalolisema. Wajukuu zetu tukiwasimulia wanacheka, kisha wanajaribu, na wote wanaligusa bila shida. Sijui siku hizi wanalishwa nini.

Mimi langu lilikataa. Mwaka wa kwanza nilirudishwa, na binamu yangu Zubeda, tuliyezaliwa naye msimu mmoja wa mvua, akapokelewa. Tangu siku hiyo Zubeda hakupita mbele yangu bila kujikuna sikio la kushoto kwa mkono wa kulia. Nilishinda nikining'inia kwenye tawi la mpeasi nyuma ya jiko, nikiamini mkono utarefuka. Tawi ndilo lililovunjika, na bakora nikala mimi.

Halafu nikamsikia baba akimwambia mama, "Mwaka huu akikataliwa tena, abaki tu nyumbani akusaidie." Sikuelewa nisaidie nini, maana kuteka maji nilikuwa nateka na kuni nilikuwa naokota. Nilichoelewa ni kwamba nimebakiziwa mlango mmoja tu, nao ukifungwa nitamtazama Zubeda akienda shule mpaka azeeke. Nililia hadi nikapata kwikwi.

Nyumba yetu ilikuwa upande wa Vuga, juu ya mteremko mkali, na kijito kilikuwa chini kabisa bondeni. Baba alikuwa amechimba ngazi kwa jembe, akazikinga kwa mawe, kutoka kijitoni hadi mlangoni. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba ukiwa chini huioni nyumba, unasikia jogoo wako tu. Mama alibeba debe, mimi kibuyu, na baridi ya kule mnaijua, maji yakikumwagikia shingoni unakumbuka dhambi zako zote.

Mama naye alikuwa mwanafunzi. Alikuwa ngumbaru, kama tulivyowaita wale waliosoma elimu ya watu wazima. Mara tatu kwa wiki, akishatoka shamba la kijiji, alinawa miguu, akajifunga khanga safi, akaenda kukaa kwenye madawati ya watoto pamoja na wazee wenye mvi. Nyumbani tulizungumza Kishambaa, Kiswahili kilikuwa cha sokoni na mikutanoni, kwa hiyo hata hesabu za Kiswahili mama alikuwa akizijifunza palepale. Alichokipata huko alikileta nyumbani kikiwa bado cha moto, na kilipofika kwetu kiligeuka mchezo.

Herufi tuliziandika kwenye majivu, kwa kijiti, huku makande yakichemka. Ukikosea, unafuta kwa kiganja na kuanza upya. Wanasema watoto wa leo wanafuta kwa kidole kwenye kioo. Sisi tulitangulia, ila sisi tulipiga chafya. Maharage ya kupanda tuliyachambua kwenye ungo, ya njano huku, ya madoa kule, kisha mama anafunika rundo moja kwa kawa na kuuliza mangapi yamebaki ndani. Ukipatia, unapewa peasi. Ukikosea, peasi analila yeye, polepole, akikutazama machoni. Hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha kutoa haraka kuliko lile peasi.

Lakini mchezo mkubwa ulikuwa wa ngazi. Mnakumbuka kila nyumba kumi zilikuwa na balozi wao. Mgeni akija, kwa balozi. Ugomvi ukitokea, kwa balozi. Sasa asubuhi moja, tukiwa tumetoka kijitoni, nahesabu hatua kama alivyonifundisha, tulipofika ya kumi mama akasimama ghafla.

"Hapa ndipo anapokaa balozi," akasema. "Unapita kwa balozi bila salamu?"

"Nitamsalimuje na maji yako kichwani?"

"Ndiyo sababu unatua."

Tukatua. Nikapiga goti mbele ya jiwe la hatua ya kumi, nikasema, "Shikamoo balozi." Mama akaitikia kwa sauti nzito ya kiume, "Marahaba, Rukia, hujambo?" Nilicheka nusura niangushe kibuyu. Tukatwishana, tukaendelea kumi na moja, kumi na mbili. Kwenye ishirini alikuwapo balozi mwingine, naye mnyamavu. Wa thelathini alikuwa kiziwi, ilibidi nipaze sauti. Wa hamsini alipenda maneno, mama aliweza kukaa naye muda mrefu, mkono kiunoni, akiulizwa habari za viazi na za mvua. Jumla walikuwa mabalozi tisa, na nyumba yetu ilikuwa hatua ya tisini na sita.

Siku ya kuandikishwa ilifika. Mama alinipaka mafuta mpaka miguu ikang'aa, akanivalisha sweta ambalo mkono mmoja ulikuwa umefumuka, akabaki nje na akina mama wenzake. Ndani kulikuwa na mwalimu mkuu, mtu wa mbali asiyejua Kishambaa hata salamu, na pembeni yake, kwenye benchi, aliketi balozi wetu wa kweli, aliyeitwa kuthibitisha watoto ni wa nani. Mzee yule alikuwa na koti moja la mikutano na uso usiojua utani.

Nikapitisha mkono juu ya kichwa. Vidole vikaishia kwenye nywele. Nikavuta, nikainamisha shingo, mwalimu akaninyoosha shingo. Bado. Akaanza kugeuza ukurasa wa daftari, na mimi nikaona mlango wangu unafungwa.

"Najua kuhesabu," nikasema.

Sikuwa nimeulizwa. Mwalimu akatazama juu. "Hesabu basi."

Nikaanza. Moja, mbili, tatu, nikatiririka hadi kumi, kisha, kama nilivyozoea kila asubuhi, nikashusha mzigo ambao haukuwapo, nikapiga goti sakafuni na kusema, "Shikamoo balozi."

"Marahaba," akaitika balozi wetu kutoka kwenye benchi.

Nikajitwisha, nikaendelea. Kwenye ishirini nikapiga goti tena. "Shikamoo balozi." Akaitika tena, sasa akikaa vizuri na kuvuta koti. Kwenye thelathini nilipaza sauti kwa sababu ya yule kiziwi, na mzee akashtuka, akaitika kwa sauti kubwa vilevile. Mwalimu mkuu alishika kalamu hewani. Nilipofika sitini akasema, "Inatosha, binti, inatosha."

"Mwalimu," balozi akamkatiza, "mwache afike kwao."

Alizijua ngazi zetu, alikuwa akizipanda kila mara kuja kuwaita watu mikutanoni. Nikaachwa. Nikapita sabini, themanini na tisini, kila mahali nimeitikiwa, na nilipofika tisini na sita nikanyamaza.

"Baada ya tisini na sita ni ngapi?" mwalimu akauliza.

"Baada ya hapo ni jikoni."

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Akaandika jina langu. Alisema sikio litakuja lenyewe, na kweli lilikuja, mwaka uliofuata, nikiwa tayari nasoma. Nje nilimkuta mama amesimama karibu na dirisha, amejiziba mdomo kwa upande wa khanga. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na analia pia.

Wiki chache baadaye akazaliwa mdogo wangu Hamisi. Mimi nilikuwa darasani. Mama alimbeba mgongoni peke yake hadi shambani, hadi kijitoni, hadi kwenye darasa lake la ngumbaru, na hakunirudisha nyumbani hata siku moja.

Miaka mingi ilipita kabla sijaelewa. Nilikuwa nimeolewa, nimekuja nyumbani na mimba ya kwanza, tunapanda ngazi zilezile na mama yangu, nikashindwa kwenye hatua ya sita. Nikaketi, nahema. Mama akaniangalia, akatabasamu.

"Msalimu balozi tu," akasema. "Kwani unadhani yule wangu alitoka wapi? Nilikuwa na Hamisi tumboni, na kiuno kinakatika. Ningekuambia nimechoka, ungeogopa."

Nilimshika mkono. Uchovu wake ndio ulionifundisha hesabu, na mimi siku zote nilijua ni mchezo.

Siku hizi ngazi zimemwagiwa saruji na maji yako bombani. Mama hayupo tena. Mjukuu wangu Idrisa alikuja likizo mwezi uliopita, ana miaka mitano, ana simu inayomfundisha kuhesabu. Inaimba, inapiga makofi, inamwambia hongera hata akikosea. Sisemi ni mbaya. Anajua namba kunishinda mimi nilivyokuwa. Ila simu haichoki, haiombi kupumzika, na haijawahi kumlia peasi lake.

Nilimpeleka akaone kijito, nikimsimulia njiani habari za balozi wa hatua ya kumi. Kurudi, yeye mbele na simu mkononi, mimi nyuma na magoti yangu, anahesabu hatua kwa sauti. Ghafla pumzi ikanikatika.

"Simama, baba," nikamwambia. "Hapa anakaa balozi. Hapitwi bila salamu, na hasalimiwi ukiwa na mzigo mkononi."

Akatazama chini, akahesabu tena moyoni. "Bibi, hapa ni saba. Balozi si ulisema anakaa kumi?"

"Amehamia," nikasema.

Alifikiri kidogo. Kisha akaiweka simu juu ya jiwe, akapiga goti, akasema, "Shikamoo balozi." Nami, nikiwa nimeketi nahema, nikatafuta sauti nzito ya mama yangu, nikaitikia.