Chungu Kisichotakiwa Kupoa

Nimeishi miji mingi, lakini ninaouota bado ni Nakuru. Mwaka wa 2007 nilikuwa nimeshafunga begi niende Kitale, rafiki yangu wa tangu sekondari aliponiita kibandani kwake Kaptembwo, alikokuwa akichajia watu betri za gari, zile za kuwashia televisheni.

"Kaa kidogo," akasema. "Nikuonyeshe betri isiyokufa."

Betri za kawaida nilizijua. Sahani zake za madini ya risasi humomonyoka hadi zikawa tope. Ya rafiki yangu ingekuwa ya kuyeyushwa: risasi ya moto chini, chumvi ya moto juu yake, na zinki ikining'inia juu kabisa. Kilichokwisha kuyeyuka hakina cha kumomonyoka. Alikuwa ameyasoma hayo kwenye jarida kuukuu, nami nikayaamini papo hapo.

Zinki tulichuna kwenye betri za tochi zilizokwisha. Chumvi tulipika kwa asidi na mabaki ya zinki hiyo, kama wafanyavyo mafundi wa kuchomelea bati. Vyote vikaingia kwenye chungu cha chuma juu ya jiko la makaa.

"Hii ikipoa, imekufa," aliniambia kila siku. "Chumvi ikishikana, stima haipiti hata kidogo."

Tulilisha jiko kwa zamu. Siku ile balbu ya tochi ilipowaka, nilitokwa na machozi, nikampigia dadangu simu aje kutoka Kiamunyi. Dada alikuwa amechoshwa na safari zangu.

"Gunia zima la makaa," akacheka, "kwa taa kama punje ya mahindi!" Kisha akaniangalia. "Lakini afadhali umetulia."

Alitoa magunia yake ya mahindi stoo, akaniwekea kitanda humo. Nilimwahidi kwamba siondoki tena, na kwamba jikoni kwake kutawaka taa ya chungu kile.

Mwisho wa Desemba, baada ya uchaguzi, vurugu zikazuka na barabara zikafungwa. Mimi nilikwama kwa dada, rafiki yangu akakwama kwa mamake, upande wa Sachangwan. Hakukuwa na wa kulisha jiko. Njia zilipofunguka nilitembea hadi Kaptembwo kama mtu anayekwenda mazishini.

Chungu kilikuwa baridi. Nikagonga chumvi kwa msumari, ikalia kama kigae. Kwa mazoea tu, nikaunganisha waya wa balbu kama nilivyofanya kila nilipoingia.

Balbu ikawaka.

Nikaufuata ule waya kwa vidole, chini ya majivu, hadi chini ya tofali lililoshikilia ubao wa balbu. Betri mbili za tochi, mpya, zimefungwa kwa karatasi ya nailoni.

Rafiki yangu alirudi baada ya siku mbili, amenibebea viazi. Sikumsalimia. Niliunganisha waya, balbu ikawaka juu ya chungu baridi. Akaweka viazi chini.

"Mita ya kupimia stima ilicheza kweli," akasema. "Siku ya kwanza. Kidogo tu, haingewasha balbu."

"Na hukuniambia?"

"Begi lako lilikuwa mlangoni, boss. Ningekushikilia na nini?"

Labda ulikuwa upendo. Nimeligeuza neno hilo miaka mingi. Lakini siku ile akilini nilimwona dada tu, amesimama kando ya jiko letu, anacheka na kuamini. Rafiki yangu angeniambia sindano ya mita imecheza kidogo, ningebaki kwa ajili ya hicho kidogo. Yeye hakunidhania hivyo.

Nilizitoa zile betri, nikazitia kwenye redio yangu. Jioni nikamweleza dada yote. Hakucheka wala hakunilaumu. Alianza kurudisha magunia yake stoo, moja moja, nami nikamsaidia kuyabeba kabla ya kufunga begi.

Redio ilifika Kitale ikiwa bado inaongea.