Mkasi wa Mama na Nywele Zangu za Mbele

Sisi tuliokulia Ngamiani enzi za Mwingereza, mabibi wenzangu, tunavikumbuka vioo vyetu. Nyumba nzima ilikuwa na kioo kimoja cha duara, kimetundikwa msumarini, nacho kilikuwa cha baba cha kunyolea ndevu. Ukitaka kujitazama ulingoja aende kazini, ukapindua kinu, ukapanda juu yake, ukauona uso wako nusu nusu: leo macho, kesho mdomo. Na bado tulijijua kuwa tu wazuri! Watoto wa siku hizi wanajitazama kwenye simu mchana kutwa, kisha wanakuja kukuuliza, "Bibi, nimependeza?"

Tulikwenda shule pekupeku, mkono mmoja umeshika kitumbua cha moto kilichofungwa kwenye jani la mgomba, mafuta yakitutiririka mpaka kwenye kiwiko. Malori ya mkonge yakitupita yalituachia vumbi na harufu ile ya kuchacha ambayo mpaka leo nikiisikia nadhani kengele ya shule inalia. Jioni tulicheza mdako barazani, vijiwe vikiruka na kudakwa, au tulijificha tukicheza kibe mpaka adhana ya magharibi, na hapo kila mama alitoka mlangoni kuita wa kwake. Machungwa ya Muheza tuliyanyonya mpaka midomo ikawasha. Usiku ni bada, ugali wetu wa muhogo, na samaki, sinia moja, na aliyechelewa kunawa alikuta miba.

Kitu kimoja tu kilinikera utotoni: kichwa changu. Kwetu msichana mdogo alinyolewa kipara kama kaka zake. Wembe ulipita na kupita mpaka alipokaribia kuwa mwari, na hapo ndipo nywele zilipoachwa ziote, zikasukwa. Mimi nilimlilia mama mpaka akaniruhusu kuzifuga mapema, nikiwa darasa la nne. Mama alikuwa mshonaji, mwanamke wa maneno machache. Alinitazama, akasema, "Haya, fuga. Lakini ukae kimya, nishone."

Mimi kukaa kimya niliweza. Kilichonishinda ni kopo la poda. Lilikuwa juu ya meza ya cherehani, na juu yake pamechorwa bibi mmoja mwenye nywele za mbele zilizokatwa sawasawa, zimelala juu ya nyusi kama pazia fupi la dirishani. Nilimtazama yule bibi asubuhi na jioni. Siku moja ya Jumanne mama alikwenda kupeleka magauni kwa wenyewe, nami nikachukua mkasi wake wa kushonea, mkasi ambao hata karatasi haukuruhusiwa kukata. Nikapanda juu ya kinu. Nikazilowesha nywele, nikazivuta mpaka machoni, nikakata.

Kulia kukawa kufupi. Nikasawazisha kushoto. Kushoto kukawa kufupi zaidi, nikarudi kulia. Kumbe yule bibi wa kwenye kopo alikuwa na nywele za singa, na zangu ni za kipilipili. Zilipokauka zilinyanyuka zote, zikasimama wima juu ya paji la uso kama brashi ya viatu. Mngetegemea niseme nililia. Nilicheka! Nilicheka mpaka nikateremka kwenye kinu nisije nikaanguka.

Bibi yangu, mzaa baba, ambaye tulikaa naye nyumba moja, alitoka uani kutia udhu akanikuta. Huyu ndiye aliyezoea kuniita "mke mwenzangu", kwa utani wa bibi na mjukuu.

"Nani kakukata nywele za uso?" akauliza.

"Nimekata mwenyewe, bibi."

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Aliweka chini birika, akanigeuza uso huku na huku. Kwa kina bibi, mwanamke aliyepunguzwa nywele za mbele na kupangwa uso alikuwa bibi harusi, tena aliyekaa mbele ya somo wake, yule mama wa kumfunda. Mtoto hakuwa na uso wa kupangwa. Mtoto alikuwa na kipara au vinywele vyake vya ovyo, basi.

Mama aliporudi, bibi alimwambia, "Mkaza mwanangu, huyu keshajitoa utotoni mwenyewe. Baba yake akirudi Ijumaa toka shamba la mkonge nitamwambia. Shule basi. Atiwe ndani, atafutiwe somo."

Hapo kicheko kikaniisha. Kutiwa ndani nilikujua. Mwanaidi, nyumba ya tatu, aliyekuwa na mkono mwepesi wa mdako kuliko sote, alitiwa ndani mwaka uliotangulia. Tukipita kwao tulimsikia akikohoa nyuma ya dirisha, lakini kumwona hatukumwona tena mpaka siku ya harusi yake. Na mtihani wa darasa la nne ulikuwa karibu, ule wa kuamua nani anaendelea. Nilikuwa naipenda shule, wenzangu. Niliipenda mpaka vumbi la chaki. Na baba hakuwahi kumkatalia mama yake neno.

Jumatano ikapita. Mama aliufuta mkasi wake, akautia mafuta, akarudi kwenye cherehani yake. Alhamisi alasiri akatandika mkeka uani, akaniita. Akanilaza mapajani, akaanza kuzichambua nywele.

"Chawa!" akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, ikafika chumbani kwa bibi. "Kichwa kizima chawa! Ndiyo maana mtoto kajikata!"

Chawa? Mama alikuwa akinichana kwa chanuo la meno membamba kila wiki. Nikafungua mdomo nijitetee, akanifinya bega. Akainama sikioni: "Mwenye kipara ni mtoto. Mtoto anakwenda shule. Sema, wataka nywele au wataka shule?"

Nikalia. Nilizilia nywele zangu kwa uchungu wa kweli, maana nilikuwa nimezingoja tangu nipate akili. Kisha nikasema, "Shule."

Bibi akatoka. Alikuwa na macho ya kuona kijiwe kimoja kwenye sinia la mchele. Akachutama, akanitenga nywele hapa, akatenga pale, taratibu.

"Lo," akasema, "chawa wakubwa kweli hawa."

Akaingia ndani, akarudi na wembe wake, ule wa kunyolea watoto wachanga siku ya akika. "Wembe wako butu, mkaza mwanangu. Shika huu." Kisha akakaa mkekani, akakichukua kichwa changu mapajani pake ili mama anyoe vizuri. Nywele ziliponidondokea usoni alizipangusa kwa kanga yake. "Mimi nilitiwa ndani sijamaliza hata juzuu Amma madrasani," akasema, kama anayezungumza na kisima. Nywele alizikusanya zote, akazifukia chini ya mkomamanga wetu, ndege asije akazijengea kiota nikaumwa kichwa.

Ijumaa baba akaingia, akanitazama. "Huyu nani tena?"

"Chawa," bibi akamjibu, na neno likaishia hapo.

Jumatatu nilikwenda shule. Waliniimbia "kipara ngoto" njia nzima, nami niliimba nao. Mtihani nikapita, nikaendelea, na mwisho nikasimama mbele ya ubao mimi mwenyewe, nikafundisha watoto mpaka nikastaafu. Sare zangu zote za shule alizishona mama, asiyejua kusoma jina lake, kwa mkasi uleule.

Juzi mjukuu wangu Zainabu, aliyekuja likizo kutoka chuo kikuu, alikata nywele zake za mbele sebuleni. Ana dawa ya kuzilaza, ana simu ya kumwonyesha namna, ana kila kitu, na bado alikata upogo.

"Bibi, nishikie kioo," akaniambia.

Nikamshikia. Tulicheka, tena sana. Alizitupa nywele kwenye pipa, nami alipogeuka nikazitoa, nikazifukia kwenye chungu cha maua. Uani kwangu hakuna mkomamanga, na wale wawili wa mkekani wamekwenda zamani. Natamani wangemwona. Jumatatu alibeba begi lake akarudi chuoni, nywele zake za upogo usoni, na nyumba nzima hakuna aliyeuliza kama aende.