Jina Ambalo Mama Yake Hawezi Kuliita

Nakumbuka siku moja baba yangu na baba mkwe wangu walivyokaa kwenye benchi moja pale kwetu Mpitimbi, kila mmoja kageukia upande wake, na katikati yao amelala mtoto wangu wa kwanza wa kiume, hana jina. Wewe, mwanangu, umekuja kunilalamikia kwamba kundi lenu la WhatsApp la ukoo limewaka moto kwa sababu ya jina la mtoto ambaye hata hajazaliwa. Shukuru. Simu unaweza kuizima sauti. Mimi nilikuwa na wazee wawili wazima, na wote wawili walikuja na fimbo.

Jina la ubatizo halikuleta neno. Tulikubaliana awe Benedikto, na padri akaridhika. Ugomvi ulikuwa wa jina la nyumbani, lile la asili, la kumrithi babu. Baba yangu aliitwa Mbonani, Mngoni asiyejua kuinamisha shingo. Baba mkwe aliitwa Kumburu, Mmatengo aliyetoka Mbinga na jogoo kwapani, mpole wa kusema lakini akishakaa mahali hasogei. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na siku ile zizi lenyewe nilikuwa mimi.

"Benedikto ni la Jumapili," baba akatangaza. "Siku za kazi, mjukuu wangu ni Mbonani."

Mzee Kumburu aliweka kikombe chake chini. Alinitazama mimi. Sasa mimi nilikuwa nalima shamba la baba na kulala kwenye kiwanja cha baba. Ulitaka niseme nini? Nikasema, "Mbonani." Mzee Kumburu akashukuru kwa chai, akachukua fimbo yake, akarudi kwao. Jogoo alituachia. Tulimla kwa aibu, ingawa supu ilikuwa nzuri.

Mjini sijui mnafuata nini siku hizi, lakini kwetu mke hatamki jina la baba wa mumewe. Ni heshima. Na Skolastika, mke wangu, alilelewa vizuri, heshima hiyo aliishika kwa mikono miwili. Kwa hiyo nilikuwa nimempa mtoto jina ambalo mama yake hana ruhusa ya kulitia kinywani. Mbele za watu alimwita "huyu", au "mwenzenu", au "nanihii wangu". Mimi sikuona tatizo. Nilikuwa shambani tangu asubuhi, tatizo ningelionea wapi?

Aliyelifaidi jina lile ni mama yangu. Mjukuu aliyerithi jina la babu ni mume mdogo wa bibi, na utani wa hapo hauna mpaka. Mama naye alikuwa na dukuduku la miaka. Mtoto akimwaga uji, utasikia: "Mbonani! Mlafi wewe! Tangu unioe hujanichotea hata kata ya maji!" Mtoto akijikojolea: "Mbonani, hivyo hivyo ulivyorudi umelewa komoni siku ya harusi ya mdogo wangu!" Baba ameketi pale pale, anasikia yote, na hawezi kujibu kwa sababu anayesemwa ni mtoto. Alikuwa anakohoa tu. Na mtoto akajifunza jambo moja mapema: ukisikia Mbonani, kimbia.

Basi tukawa tunachimba shimo la choo kipya nyuma ya nyumba. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza amejua kutembea, kule kwa kuyumbayumba. Tulikuwa tumeacha kazi kidogo, tumekaa mbali kivulini tunakunywa togwa, baba akainua macho akamwona anaelekea shimoni.

"Mbonani!"

Mtoto akaongeza mwendo.

"Mbonani! Mbonani!" Nami nikapaza sauti huku nakimbia, na mama naye akapaza, na kila tulipomwita ndivyo vimiguu vile vilivyozidi kwenda. Aliona wazi kwamba leo amekosa kosa kubwa. Niliona sitamwahi. Sijaogopa vile tena mpaka leo.

Skolastika alitoka jikoni na mwiko mkononi. Nilimwona akifungua kinywa, akakifunga. Akamtazama baba yangu. Halafu akapiga ukelele uliosikika ng'ambo ya mto.

"Kumburu! Kumburu wangu, njoo!"

Mtoto akasimama pale pale ukingoni. Akageuka, akacheka, akaja mbio mikono juu mpaka miguuni kwa mama yake.

Skolastika alimkumbatia akalia, kisha akapiga magoti mbele ya baba. "Nisamehe, baba. Nikiwa naye peke yangu namlisha, namnyonyesha, ningemwitaje? Nilishindwa kulea mtoto asiye na jina."

Nikajua leo kuna kazi. Baba alikuwa mtu wa kuikasirikia hata mvua. Lakini aliketi juu ya udongo wa lile shimo, akanigeukia mimi.

"Huyu mtoto anaitwa na nani kuanzia asubuhi mpaka jioni?"

"Na mama yake, baba."

"Nawe ukamchagulia jina ambalo mama yake hawezi kuliita. Ulikuwa unampa mtoto jina, au ulikuwa unanivisha mimi kofia?"

Ningeweza kumkumbusha ni nani aliyelidai jina hilo na fimbo mkononi. Lakini baba hakuwa mtu wa kukumbushwa, na isitoshe alikuwa amesema kweli. Niliona haya mbele ya mke wangu kuliko mbele yake.

"Kuanzia leo huyu ni Kumburu," akasema. "Nitapanda Mbinga mwenyewe nikamwambie mwenzangu."

Mama akaja juu. "Na mimi sasa nitamkemea nani?"

Baba akafikiri. Ndoa yote ile nilikuwa sijamwona akisalimu amri. "Nikemee mimi mwenyewe," akasema. "Nimeshazoea." Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Majina ya wazee ni mali. Usiyaache ukamwokotee mtoto jina kwenye luninga. Wala msikae miezi mnayapima, mchagua jembe si mkulima. Lakini kabla ya kuwauliza babu wa huku na babu wa kule, muulize mkeo. Babu atalifurahia jina siku ya sherehe. Mkeo ndiye atakayeliita kisimani, sokoni na barabarani kwenye bodaboda, na uchungu wa mwana aujua mzazi. Wazee wakinuna, wachemshie chai na uwaamkie shikamoo kwa sauti. Kununa kwa babu huisha mtoto akimshika ndevu.

Nenda sasa, Mungu amfungue mkeo salama. Mwanao na apate jina linalokaa vizuri kinywani mwa mama yake: akiitwa kwa chakula aje, na akiitwa kwa hofu ageuke.