Siku Mama Alipoapa Uongo

Msimu wa pamba nyumba yetu ya Ibadakuli ilinuka mbegu na vumbi mpaka ndani ya uji. Pamba ilijaa chumba kizima, nasi watoto tulishinda tukichambua, safi huku, fifi yenye madoa kule, Mama akitusimulia habari za Biblia. Alikuwa mwalimu wa watoto kanisani, na kwenye uongo hakuwa na mchezo: ukidanganya hata kwa kipande cha kiazi, fimbo inakuhusu. Ila habari ya Rahabu ilimpa taabu, yule mwanamke wa Yeriko aliyewaficha wapelelezi darini chini ya mabua ya kitani, akawadanganya watu wa mfalme. Tukimuuliza kama Rahabu alitenda dhambi, anajibu, "Chambueni pamba."

Miaka ile ya tisini, jamani, bibi kizee mwenye macho mekundu aliishi roho mkononi, maana macho hayo yalihesabiwa alama ya uchawi. Macho yenyewe yaliharibiwa na moshi wa mavi ya ng'ombe tuliyopikia kwa kukosa kuni, lakini nani wa kusikiliza? Mtoto wa jirani yetu Masanja alikufa kwa homa, mganga akasema aliyemroga ni Bibi Kabula, mjane aliyeishi peke yake nyuma ya ua wetu. Asubuhi moja tukasikia mlango wake ukipasuliwa kwa shoka. Bahati yake alikuwa kwetu, amekuja kuomba moto. Mama alimlaza sakafuni, akammwagia pamba mpaka asionekane, akatukalisha juu yake tuendelee na kazi.

Masanja akaingia na wenzake, mapanga mkononi, damu ikidondoka. Walikuwa wamemcharanga mbwa wa bibi. Masanja akamwita Mama kwa kilugha, "Mayu, mchawi yuko wapi?" Mama akasema hajamwona. Masanja akamtandika rungu la mkono, nikasikia mfupa ukivunjika kama muwa. Mwingine akanikamata nywele, akaniwekea panga shingoni. Chini yangu Bibi Kabula alikuwa anatetemeka, nami, Mungu wangu, nikajikojolea palepale. Masanja akachukua Biblia ya Mama, akamshikisha kwenye mkono mzima. "Apa!" Mama akaapa, sauti haikutikisika hata kidogo, kwamba bibi amepita alfajiri kwenda stendi, anasafiri kwa mwanawe Chato. Masanja akawaambia wenzake, "Twendeni. Huyu hajui kudanganya." Wakatoka mbio kuelekea stendi, na wakipita wakaitia moto nyumba ya bibi.

Bibi Kabula tulimtorosha kwa lori la pamba, akafa miaka mingi baadaye, kitandani, kwa ugonjwa wa uzee. Mama naye, Jumapili iliyofuata, mkono ukiwa umefungwa vijiti, alisimama kanisani akasema ameapa uongo akiwa ameshika Biblia, hivyo hafai tena kufundisha watoto. Wazee walimsihi, wapi! Mimi nilichukia mno, maana Masanja alikuwa amekaa benchi la mbele, anaimba.

Siku hizi nawaona wakubwa wakiapa kwa Biblia mbele ya kamera. Hakuna aliyewashikia panga, na wiki haiishi wameshadanganya, tena wanakaribishwa kuwahutubia waumini. Hasira hunipanda. Majuzi nilimuuliza Mama, ambaye mkono ule haunyooki hadi leo, siku ile ikirudi angefanyaje.

"Ningeapa tena," akasema. "Na kufundisha ningeacha tena."